Tulivyomwamkia Mwalimu wa Redio

Redio ya bibi yangu ilinuka moshi wa kuni za miti ya miwati. Ilikaa kwenye kishubaka cha ukuta, mkabala na meko, na kwa kuwa nyumba zetu za mlimani hufungwa madirisha mapema ili baridi isiingie, moshi wote wa kuni ulipita kwake kwanza kabla ya kutafuta pa kutokea. Mfuko wake wa ngozi ulikuwa umegeuka rangi kama nyama iliyokaushwa. Ukisogeza pua karibu na vitundu vya spika ulisikia harufu ya moshi, halafu nyuma yake harufu ya bati lenye joto, na nyuma kabisa ukali wa betri zilizoanza kutoa maji. Naandika haya nikiwa bado kijana, sijafikia umri ambao watu huandika kumbukumbu, na sentensi hiyo ya kwanza nimeiandika na kuifuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ndivyo nilivyo. Nguo nikiifua naifua tena nikiona doa ambalo wenzangu hawalioni. Lakini harufu ile sikuitafuta. Ilinijia yenyewe juzi nilipokuwa nimesimama mbele ya darasa langu, na pamoja nayo ukaja msimu mmoja wa kipupwe, nilipokuwa darasa la tano, redio ya Bibi ilipokwenda shule.

Bibi alikuwa mama yake baba. Wazazi wangu waliishi Magamba, ambako baba alifanya kazi ya kupasua mbao, nami nilipelekwa kukaa na Bibi kama ilivyo kawaida kwetu, mjukuu mmoja awe wa kumwashia moto na kumsikiliza. Redio aliletewa na mwanawe mkubwa aliyekuwa akifanya kazi katika mashamba ya chai upande wa Amani. Aliivalisha kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa mikono. Jua likitoka alizianika betri kwenye ungo pamoja na maharage, akizigeuza polepole kwa kiganja, kwa sababu betri iliyochoka ikipata joto hurudisha nguvu kidogo. Nguvu hizo hakuzitumia hovyo. Aliwasha kwa ajili ya jambo moja, matangazo ya vifo ya jioni. Watu wengi wa rika lake walikuwa wameshuka mlimani zamani kwenda kukata mkonge, wengine hawakurudi, naye aliamini kwamba mtu aliyekufa mbali anastahili angalau mtu mmoja wa kwao amsikie akitajwa. Likitajwa jina la mahali anapopajua, Korogwe au Muheza, aliacha kumenya viazi. Matangazo yakiisha alizima, akaivalisha kitambaa chake.

Mimi nilivutiwa na kitu kingine. Nilivutiwa na jinsi watangazaji walivyosema. Nyumbani tulizungumza Kishambaa, shuleni Kiswahili, na Kiswahili changu kilikuwa kama viatu vya kuazima, nilitembea navyo nikitazama miguu. Wakati Bibi akisubiri matangazo nilikaa chini ya kishubaka nikirudia kila sentensi kwa midomo bila sauti. Nilijifunza hivyo mahali pa kupumzika katika sentensi ndefu, na namna ya kumtaja mtu kwa heshima. Lakini darasani nilikuwa bubu. Mwalimu akiuliza swali, niliunda jibu kichwani, nikalipima kutoka mwanzo hadi mwisho, nikabadilisha neno moja, nikalipima tena, na nilipokuwa tayari kusimama mwenzangu alikuwa amekwisha kujibu na mwalimu amekwenda mbele. Walinichagua kuwa kiranja wa darasa kwa sababu nilinyamaza. Walidhani ni utulivu. Ilikuwa hofu.

Shule yetu ilikuwa juu ya mji mdogo wa Soni, kwenye bega la mlima, madarasa ya matofali ambayo wazazi wetu waliyafyatua wenyewe katika kazi za kijiji. Mwaka ule mwalimu wetu wa darasa la tano alihamishwa, na hakuja mwingine. Mwalimu Bakari, aliyekuwa na darasa la nne, akapewa na sisi. Alikuwa kijana kutoka Tanga mjini, mwembamba, anavaa sweta mbili na bado anatetemeka, naye alifanya alichoweza. Alifundisha hesabu kule, akatukimbilia sisi kupitia mlango wa katikati, akatuachia zoezi, akarudi kule. Kiswahili kikawa ndicho somo lililokosa nafasi. Redio ya taifa ilikuwa na vipindi vya shule, na shule yetu ilikuwa imepewa redio kwa ajili hiyo, lakini maji ya mvua yaliipata kutoka kwenye paa na tangu hapo ilikaa ofisini kama kiti kilichovunjika mguu. Wiki zikapita bila somo.

Dawa ilionekana rahisi, redio iletwe kutoka nyumbani. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amepiga marufuku. Kisa kilikuwa cha kaka mmoja wa darasa la saba aliyeficha kiredio kidogo ndani ya mfuko wa madaftari ili asikilize mpira. Katikati ya somo la hesabu, wakati Mwalimu Mkuu mwenyewe akiandika ubaoni, bao likafungwa, na dawati zima la nyuma likaruka juu likishangilia. Mwalimu Mkuu, ambaye hakuwahi kushangiliwa kwa sababu ya sehemu za kumi, aligeuka na chaki mkononi. Siku hiyohiyo alitangaza mstarini kwamba hakuna kifaa cha nyumbani kitakachoingia darasani, kiwe kinaimba, kinasema au kinalia. Alikuwa mtu mzito, mzaliwa wa huku milimani, mwenye koti refu la kahawia na buti za mpira, na neno lake halikurudi nyuma.

Mwalimu Bakari akaenda kumwomba. Sijui alisema nini, lakini alirudi na ruhusa yenye masharti, akatusomea masharti hayo huku Mwalimu Mkuu amesimama mlangoni. Redio moja tu. Kwa vipindi vya Kiswahili tu. Na siku ambayo Mwalimu Mkuu angekuta fujo kwa sababu ya kifaa hicho, kingerudi kilikotoka na kisingekanyaga tena pale, hata kama tungemaliza mwaka bila Kiswahili. Kisha Mwalimu Bakari akauliza ni nani kwao kuna redio. Mkono wangu ukanyanyuka. Hadi leo sielewi uliruhusiwa na nani, maana sikuwa nimeunda sentensi yoyote.

Kumshawishi Bibi kulichukua jioni nzima. Nilimweleza kwa Kishambaa, nikimwangalia anavyokoroga uji.

"Kwa hiyo redio yangu inakwenda kusoma," alisema.

"Inakwenda kutufundisha, Bibi."

"Na ikichoka huko? Watu watakufa bila mimi kujua."

"Itarudi kabla ya matangazo. Nitaibeba mwenyewe."

"Wale watoto wa shule wana vidole. Nimeviona kwenye miparachichi yangu."

"Hakuna atakayeigusa, Bibi. Mimi ndiye kiranja."

Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza aliponiona nikitaka kitu kwa sauti. Akasema nikiirudisha imekwaruzwa nisirudi nayo, niende nayo Magamba kwa baba yangu nikaishi huko. Lilikuwa neno la utani, lakini mimi sikuwa mtoto wa kuelewa utani mara moja.

Asubuhi ya kipindi cha kwanza ukungu ulikuwa umekaa njiani mzito. Bibi aliifunga redio mgongoni mwangu kwa mbeleko, kama mtoto mchanga, akaifunika kwa sweta yake. Chini ya migomba nikakutana na akina mama wakishuka sokoni Soni na vikapu vya kabichi na matunda. Niliwaamkia, wakaitikia, kisha mmoja wao, jirani yetu Mama Zefania, akanyoosha shingo.

"Yunisi, umejifungua lini na sisi hatujaitwa?"

"Ni redio, mama."

"Ni mzuri. Amefanana na nani?"

"Amefanana na bibi yake," akadakia mwenzake, "mweusi kwa moshi."

"Mshike shingo, mwanangu, asije akatangaza habari kabla hajafika."

Walicheka mpaka ukungu ukawameza, nami nikaendelea kupanda nikikanyaga kila jiwe kwa hadhari kama ninayebeba mayai. Zefania mwenyewe, mtoto wa yule mama, nilisoma naye darasa moja. Alikuwa na ulimi uleule wa mama yake, na nilijua kabla sijafika kwamba utani ule ungenitangulia shuleni.

Milima yetu haikipi kila chumba mawimbi ya redio. Tulijaribu juu ya meza ya mwalimu, ikakoroma. Tulijaribu ukutani, ikanyamaza kabisa. Mwishowe sauti ikapatikana kwenye dirisha linalotazama bonde, kule barabara inakoteremkia Mombo, na hapo tu. Basi tukageuza madawati yote, tukaupa ubao mgongo, tukalitazama dirisha ambamo redio ilikaa katika kitambaa chake cheupe, na nyuma yake ukungu ukipanda. Mwalimu Bakari alinionyesha saa yake, akaniambia nikae karibu na kitufe cha sauti, kisha darasa la nne likaanza kupigana na ikabidi akimbie. Alifunga mlango wa katikati. Tukabaki sisi na redio.

Ni lazima nieleze jambo moja hapa, la sivyo kilichofuata kitaonekana ujinga. Mwalimu Mkuu alitulea kwa salamu. Kila mwalimu akiingia tulisimama, tukaamkia kwa pamoja, na hatukukaa mpaka ameitikia. Si mpaka amepita, si mpaka ametabasamu, mpaka amesema marahaba kwa mdomo wake. Alituambia kwamba salamu isiyoitikiwa iko njiani bado, na mtu hageuki akakaa wakati salamu aliyoituma haijafika. Nyumbani pia ilikuwa hivyo. Bibi angeweza kukuacha umesimama mlangoni na kuni kichwani mpaka amalize kukuuliza habari za kila aliye hai. Kwa hiyo sheria hii hatukuiona kama sheria. Tuliiona kama mvua.

Muziki ukapigwa, kisha sauti ya mwanamke ikatoka, safi, yenye joto, ikasema, "Hamjambo, wanafunzi wa darasa la tano?" Ikatulia kidogo, kutupa nafasi. Darasa zima likasimama kwa mshindo mmoja. "Hatujambo, mwalimu. Shikamoo, mwalimu." Na yule mwalimu akasema, "Vizuri sana. Leo tutasikiliza habari ya msafiri na mbuzi wake." Akaanza kusimulia.

Tukabaki tumesimama. Niliona macho yakinigeukia, moja moja. Msafiri alikuwa amekwisha kuvuka mto wa kwanza.

"Hajaitikia," mtu akanong'ona nyuma.

"Amesema vizuri sana," akasema Zefania. "Hiyo ndiyo marahaba ya Dar es Salaam."

"Si marahaba," nikasema. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

"Basi hajasikia. Kule ni mbali, na sisi tumeamkia kama watu wenye mafua."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Tukaamkia tena, safari hii kwa nguvu zote, tukamfunika msafiri na mbuzi wake wote wawili. Redio ikaendelea kusimulia. Zefania akasema labda tulimkatiza na amekasirika, kwa hiyo tuombe radhi kwanza. Msichana wa dawati la mbele akasema labda mwalimu huyu ni mdogo kwetu kwa umri na anaona haya kuitikia. Wengine wakauliza kama tukae. Wote waliniuliza mimi. Nilisimama pale mkono wangu ukiwa kando ya kitufe, nikiona kwamba kila njia ina kosa. Tukikaa, tumevunja adabu. Tukiamkia tena, tunafanya fujo. Tukisimama kimya, somo linapita hatuandiki, na lile ndilo somo nililolibeba mgongoni. Nikachagua lililonitia hofu ndogo kuliko mengine. Nikasema, "Tumwamkie mara moja zaidi, polepole na kwa heshima, halafu tungoje."

Baadaye Mwalimu Bakari alitueleza kwamba alisikia kelele zile za shikamoo kupitia ukuta, akadhani Mwalimu Mkuu ameingia kwetu, naye akajibanza darasa la nne asionekane ametuacha peke yetu. Na Mwalimu Mkuu, aliyekuwa shambani nyuma ya shule akikagua maharage, alizisikia pia, akajua fika kwamba yeye hayuko mle ndani. Akaja. Nilizisikia buti zake za mpira kabla sijaliona koti lake. Alipofungua mlango alikuta darasa zima limempa mgongo, limesimama wima kama wakati wa wimbo wa taifa, likiitazama redio iliyovaa kitambaa, na redio ikisema habari za mbuzi.

Tuligeuka. Hatukujua kama tumwamkie, maana salamu moja ilikuwa bado hewani. Tukamwamkia. Akaitikia, marahaba, lakini hakuna aliyekaa.

"Mbona mmesimama?"

Zefania, mwenye ulimi wote ule, akatazama vidole vyake vya miguu. Nikafahamu kwamba swali lile ni langu. Nilianza kuunda sentensi kama kawaida yangu, nikaipima, na nikaona Mwalimu Mkuu ananyoosha mkono kuelekea dirishani, kuelekea redio ya Bibi. Sikuwa na muda wa kupima zaidi.

"Tumemwamkia mwalimu wa redio," nikasema, "naye hajatuitikia, mwalimu. Tunamngoja."

Mkono wake ukasimama. Alinitazama, akaitazama redio, akatutazama sote, na nikaona usoni mwake kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mkubwa yeyote, alikuwa hajui la kufanya. Angeweza kutuambia tukae. Lakini hapo angekuwa ametufundisha kwamba kuna mwalimu ambaye salamu yake haina uzito. Angeweza kuizima redio, na masharti yalimpa haki hiyo, lakini kuizima kwa sababu ya adabu aliyoifundisha mwenyewe kulimshinda. Msafiri kwenye redio alikuwa amefika sokoni. Mwalimu Mkuu akavua kofia yake ya sufu, akaishika mkononi.

"Mwalimu huyu yuko mbali," akasema taratibu, "na huko aliko hatuoni. Mgeni wa shule yangu akishindwa kuitikia, nitaitikia mimi. Marahaba. Kaeni."

Tukakaa. Sauti ya madawati ilikuwa tamu kuliko kengele ya kwenda nyumbani. Naye hakutoka. Aliketi kwenye ukingo wa dawati langu, magoti yake yakiwa juu karibu na kidevu, akasikiliza sehemu iliyobaki ya habari ile. Kipindi kilipoisha, Mwalimu Bakari akajitokeza kwenye mlango wa katikati, uso umempauka.

"Hakuna fujo hapa," Mwalimu Mkuu akamwambia. "Kifaa kibaki. Ila umekiacha peke yake na watoto, na hicho hakina macho. Kinasema tu. Hakijui nani amesimama."

Tangu siku hiyo kila kipindi cha Kiswahili kilikuwa na walimu wawili. Mwanamke wa redio alitujulia hali, tukasimama tukamwamkia, na Mwalimu Mkuu akaitikia kwa niaba yake. Alikuja na matope ya shamba, alikuja na chaki masikioni, mara moja alikuja akiwa na kikao cha wazazi ofisini, akaitikia, akatukalisha, akarudi kwenye kikao. Akichelewa tulimngoja tumesimama, tukisikiliza, na Zefania akadai kwamba watoto wa Soni tumekuwa hodari wa Kiswahili kwa sababu tunakisoma kwa miguu. Na mara nyingi Mwalimu Mkuu alibaki. Mwanzoni nilidhani anatulinda. Kisha nikaona anasogeza sikio. Redio ilikuwa na desturi ya kuuliza swali na kunyamaza kidogo ili tujibu, naye akaanza kujibu pamoja nasi, chini kwa chini, kama mtu anayefuata wimbo kanisani.

Siku moja redio iliuliza nani katika habari aliyempata ng'ombe aliyepotea. Kabla hatujafungua midomo, Mwalimu Mkuu akasema kwa sauti yake yote ya mstarini, "Mwenye ng'ombe." Redio ikasema, "Naam, ni mke wa jirani." Nilitazama chini kwa niaba yake, maana kwangu kukosea mbele ya watu kulikuwa jambo ambalo mtu hawezi kulala nalo akaamka. Yeye akakuna kidevu. "Mke wa jirani," akasema. "Kweli. Nilisinzia pale kwenye daraja." Akakaa vizuri zaidi asisinzie tena. Darasa likacheka, naye akacheka kidogo, na swali lililofuata akalijibu tena kwa sauti ileile, safari hii sawasawa. Nilimtazama kipindi kizima kilichobaki. Sijui kama kuna somo lolote la redio lililoniingia kuliko lile la mtu mzima kukosea, kukuna kidevu, na kuendelea. Sikubadilika siku hiyo. Lakini wiki iliyofuata nilinyanyua mkono na sentensi nusu, nikaimalizia nikiwa nimesimama, na ilitoka na mguu mmoja uliochechemea. Hakuna aliyekufa.

Betri zilichoka, kama Bibi alivyotabiri. Jioni moja msomaji wa matangazo alianza kuzama katikati ya majina, na Bibi akaweka sikio kwenye kitambaa, kisha akanigeukia mimi. Nilimweleza Mwalimu Bakari kwa aibu kubwa. Jumamosi iliyofuata Mwalimu Mkuu akaonekana uani kwetu, kofia mkononi, na betri mpya ndani ya karatasi. Shule ilikuwa imebadilishana maharage ya shamba letu na mwenye duka wa Soni. Alimwamkia Bibi, Bibi akaitikia kwa Kishambaa akamuuliza habari za nyumba yake yote mpaka kuku, nami nikiwa nimesimama nyuma ya mlango. Ndipo Mwalimu Mkuu akamsimulia kisa cha mwalimu asiyeitikia. Nilitegemea Bibi acheke. Hakucheka.

"Hata mimi huwaitikia watangazaji kila jioni," alisema. "Husema habari za jioni, nami husema nzuri. Mtu akiingia nyumbani kwako akasema, utamnyamazia?"

"Hapana, mama," akasema Mwalimu Mkuu.

"Basi."

Bibi alimpa ndizi mbivu, akazibeba ndani ya koti lake la kahawia, na redio ikaendelea kwenda shule mgongoni mwangu mpaka kipupwe kilipoisha na mvua za vuli zikaanza. Mwalimu mpya wa darasa la tano akaletwa. Akataka madawati yatazame ubao kama kawaida. Sikuwa na huzuni. Redio ilirudi kwenye kishubaka bila mkwaruzo hata mmoja, na nilikuwa nimetimiza nilichoahidi, furaha ambayo mtu wa aina yangu huifahamu kuliko furaha nyingine zote.

Nafasi ya sekondari sikuipata. Kijijini kwetu waliipata wachache sana, na nililia kwa muda wake, kisha nikaendelea kujifunza mwenyewe kwa redio ya Bibi na kwa magazeti ya zamani ambayo baba aliniletea kutoka Magamba, yaliyofungiwa misumari. Serikali ilipotaka watoto wote waende shule na walimu hawakutosha, ilichukua vijana kama mimi, ikatufundisha ualimu huku tukifundisha. Kwa hiyo sasa ninasimama ubaoni katika shule nyingine ya mlima huuhuu, na kila usiku ninayapitia masomo ya kesho kama mtu anayekagua mchele. Mambo yamebadilika, mengine kinyume na nilivyotarajia. Redio ya shule ipo na ni nzima, lakini betri ni adimu madukani, na hata kwa kubadilishana na maharage hazipatikani. Wakati huohuo vifaa vipya vinafika kwa njia zao. Muhula huu nimepata mwanafunzi anayeitwa Sada, ambaye baba yake ni bwana shamba aliyehamia kutoka Tanga. Sada ana kimashine cha kukokotolea hesabu, kidogo kama kibiriti kikubwa, chenye tarakimu nyekundu zinazowaka. Ndugu wa baba yake alikileta kutoka ng'ambo.

Watoto wanakiita mashine ya majibu. Hukizunguka kama nzi wakati wa mapumziko, na katika somo la hesabu macho yote huenda kwenye dawati lake badala ya ubaoni. Mwenzangu mmoja ofisini ameniambia nikinyang'anye nikifungie kabatini. Mwingine amesema nimwache mtoto wa watu, si mimi niliyemnunulia. Kwa siku kadhaa sikufanya lolote, na ninakiri sababu. Sikuogopa kwamba kitawafanya watoto wavivu. Niliogopa kwamba siku moja nitaandika jibu ubaoni, Sada atabonyeza vitufe vyake, na zile tarakimu nyekundu zitasema kitu tofauti na mimi, mbele ya watoto wote. Redio ya Bibi isingeweza kunifanyia hivyo. Ilikuwa moja, ilisemea wote kwa mpigo, na hakuna aliyeweza kuitumia bila wengine kujua. Hiki cha Sada ni cha mtu mmoja, kinakaa kiganjani, na kinanyamaza. Siwezi kusema enzi ile ilikuwa bora. Tulikosa mwalimu, tulikosa betri, na tulisoma Kiswahili tumesimama. Lakini tulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kuketi kwenye ukingo wa dawati, na bila yeye sauti ile nzuri kutoka Dar es Salaam ingetupita kama upepo wa dirishani.

Juzi, katikati ya sehemu za kumi, nikasikia vitufe vikibonyezwa. Darasa likanitazama nitafanya nini. Niliweka chaki chini. Nilikwenda hadi kwenye dawati la Sada, na yeye akakifunika kimashine kwa viganja vyote viwili.

"Sogea kidogo," nikamwambia.

Akasogea. Nikakaa kando yake, magoti yakigonga mbao, na wenzake wakaanza kuinuka kutoka viti vyao ili waone.

"Jibu langu liko ubaoni," nikasema. "Sijui kama ni sahihi. Tuonyeshe wote namna kinavyowashwa."